Siku Tatu Ghalani Masasi na Dibaga Iliyoganda

Kitu cha mwisho kuandikwa kwenye kioo cha laptopu kilikuwa jina la programu yangu mwenyewe: `Starting program: /home/fundi/kazi/mizani /dev/ttyUSB0`. Chini yake kijistari kinapepesa. Hakuna kosa, hakuna onyo, wala ile alama ya `(gdb)` ya dibaga, yaani programu ya kuchunguzia makosa ya programu nyingine, inayokuambia haya, zamu yako. Nikasubiri. Nikatoka kwenda kunywa chai kwa mama ntilie nje ya geti, nikarudi, kijistari bado kinapepesa.

Ilikuwa Masasi, msimu wa korosho umechanganya, na mimi nimekaa kwenye kona ya ghala juu ya kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi. Programu niliyokuwa nayo ni ndogo, imeandikwa kwa C, mistari haifiki mia nane. Kazi yake ni moja: kusoma uzito kutoka kwenye kichwa cha mizani kupitia waya wa serial, na kuuandika kwenye stakabadhi ya mkulima bila mtu kunakili kwa mkono. Dar tuliijaribu mezani na mizani ndogo ya ofisini, ikaenda kama maji. Masasi ikagoma. Unaiwasha, inasema imefungua poti, yaani mlango wa ule waya, kisha inanyamaza. Dada wa stakabadhi akarudi kwenye kitabu chake na kalamu, na foleni ya magunia ikawa inakwenda kwa mwendo wa kalamu.

Mzee anayepima, mtu wa miaka mingi kwenye mizani, aliniambia siku ya kwanza kabla hata sijafungua begi: "Mwanangu, hii mizani ni ya kuulizwa. Usipoiuliza haisemi." Nikamwitikia "ndiyo mzee" kwa heshima zote na sikusikia hata neno moja. Nilidhani ananipa hekima za wazee. Kumbe alikuwa ananipa maelezo ya kiufundi, bure, siku mbili kabla sijayahitaji.

Basi, programu imeganda, nami nina dibaga. GDB ndiyo niliyofundishiwa chuoni na ndiyo ninayoitumia hadi leo. Wazo lilikuwa jepesi: niiendeshe programu ndani ya dibaga, ikiganda niibonyezee Ctrl-C, niulize `bt` inionyeshe imesimama kwenye mstari gani na nani kamwita nani, nirekebishe, nipande basi la jioni. Nikaandika `gdb ./mizani`, nikaandika `run /dev/ttyUSB0`. Na dibaga yenyewe ikaganda.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lililonigharimu siku mbili na nusu. Nilisema moyoni: programu inaganda, dibaga inaganda, basi ni ugonjwa mmoja. Sikusema hivyo kwa sauti, wala sikuandika mahali. Lilikaa tu kichwani kama jambo lililokwisha kuamuliwa.

Nilijaribu yote ambayo mtu aliyechoka hujaribu. Nilizima laptopu na kuiwasha. Niliunda programu upya kwa `-g -O0`, ili dibaga iisome vizuri, ingawa tayari ilikuwa imeundwa hivyo. Niliiondoa GDB na kuisimika tena, nikala nusu ya bando langu kwa kazi isiyo na faida. Nilibadilisha kebo. Nilibadilisha tundu la USB. Nikajaribu `sudo gdb`, nikidhani labda ni mambo ya ruhusa, nayo ikaganda vilevile, nikaweka alama kwenye daftari: "si ruhusa". Hiyo ya sudo nakuomba uikumbuke, nitairudia, maana ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Ctrl-C nayo ilinichanganya. Mara nyingine unaibonyeza, dibaga inaamka na kusema programu imeuawa kwa ishara ya SIGINT. Mara nyingine unaibonyeza na inapita kama hukubonyeza kitu. Ile ilipokubali, sentensi ilianza na maneno "During startup". Wakati wa kuanzishwa. Niliisoma sentensi ile labda mara kumi, na kila mara jicho liliruka mpaka kwenye SIGINT, nikajisemea ndiyo, najua, ni mimi niliyebonyeza. Maneno mawili ya mwanzo, ambayo yalikuwa yananiambia kwamba programu yangu haijaanza hata kidogo, sikuyapa nafasi. Nadhani sisi tunaofanya kazi hii kwa lugha ya kuazima tuna tabia hiyo: ujumbe wa kompyuta tunautambua kwa sura yake, kama unavyotambua daladala kwa rangi, hatusomi kilichoandikwa kwenye kioo cha mbele.

Siku ya pili jioni nikampigia kaka mmoja tunayefanya naye kazi. Sauti ilikuwa inakatika, nikasimama juu ya gari la mizigo ili nipate mtandao. Nikamweleza mambo ya poti, waya, kasi ya 9600, yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Umejaribu na programu isiyo na hatia?"

"Isiyo na hatia vipi?"

"Andika ya mistari mitano iseme Habari. Itie kwenye GDB. Itaganda?"

Nikaona ananipotezea muda. Nikarudi gesti, nikaandika ile ya mistari mitano, hasa ili kesho nimwambie nimejaribu. `gdb ./salamu`. `run`. Ikaganda.

Nilikaa kitandani nikiangalia ile programu isiyo na poti, isiyo na waya, isiyo na mizani, kazi yake ni kusema Habari na kufa, na haikuweza hata hiyo. Ndani ya dakika moja kila kitu nilichokuwa nimekilaumu kwa siku mbili kilikuwa hakimo tena kesini. Nikiiendesha nje ya dibaga inasema Habari mara moja. Ndani ya dibaga, kimya.

Sasa nikafanya nilichopaswa kukifanya saa ya kwanza. Nikaiacha imeganda vilevile, sikuigusa, nikafungua dirisha la pili la terminali na kuandika:

`ps -eo pid,ppid,stat,wchan:20,args --forest`

Kama hujawahi kuitumia, inakuonyesha prosesi zote, yaani programu zinazoendeshwa, zimepangwa kama ukoo, mtoto chini ya mzazi wake, na kila mmoja yuko katika hali gani na amelala kwenye mlango gani wa kerneli, kiini cha mfumo. Nikashuka mpaka kwenye `gdb ./salamu`. Chini yake, mtoto wake, kulikuwa na mstari huu: `/bin/bash -c exec /home/fundi/kazi/salamu`. Na chini ya huyo, mjukuu: `sleep 3`.

Hiyo `salamu` yenyewe haikuwepo. Jina lake limo ndani ya agizo alilopewa bash, lakini agizo bado halijatekelezwa. Ni kama kumtuma mtoto dukani, baada ya saa nzima ukamkuta bado amekaa kizingitini. Na yule mjukuu, `sleep 3`, katumwa na nani? Mimi sijaandika sleep popote. Nikairudia ps: `sleep 3` ipo, lakini namba yake imebadilika. Nikairudia tena: safari hii si sleep, ni `ping`, ile inayouliza kama kompyuta nyingine iko hewani. Tena: sleep, namba nyingine. Kuna kitu kilikuwa kinazunguka pale ndani, kinauliza, kinalala, kinauliza.

Nisimame hapa kidogo niseme habari ya sheli, na simaanishi ile ya mafuta. Ni programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminali, na kwangu ni bash. GDB haiwashi programu yako moja kwa moja. Inaiwasha kwa kupitia sheli yako, ile iliyotajwa kwenye `$SHELL`, ili ukiandika `run < data.txt` au ukiweka nyota kwenye majina ya mafaili, sheli ikufasirie kama ulivyozoea. Richard Stallman alianza kuiandika GDB mwaka 1986, na tabia nyingi za Unix za enzi hizo zimo ndani yake hadi leo. Nyingi ni nzuri. Lakini maana yake ni kwamba kati ya neno `run` na mstari wa kwanza wa programu yako kuna mtu wa kati, na mtu huyo ana mambo yake. Dibaga inahesabu: sheli itaanza, kisha itajigeuza kuwa programu yako, ndipo nianze kazi. Sheli isipojigeuza, dibaga inangoja. Haina saa ya kukata tamaa.

Na sheli yangu ilikuwa na mambo gani? Nikatafuta, `grep -rn "sleep 3"` kwenye mafaili yaliyofichwa ya nyumbani kwangu, na jibu likaja mara moja. Faili linaitwa `.kazi.sh`. Ndani yake kuna kitanzi: piga ping seva ya ofisi, isipojibu, lala sekunde 3, rudia mpaka ijibu. Juu yake maelezo, kwa mkono wangu mwenyewe: "subiri seva kabla ya kuendelea".

Nilikumbuka vizuri. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa na skripti za bash za kunakili mafaili kwenda kwenye seva, zikawa zinafeli asubuhi kwa sababu seva inachelewa kuamka umeme ukirudi. Badala ya kurekebisha kila skripti, nikaandika faili moja na kulitaja kwenye `BASH_ENV`. Ujanja wa mvivu, na nilijisifu. `BASH_ENV` ni hivi: bash ikiwashwa bila mtu wa kuongea nayo, kwa ajili ya skripti au kwa `-c`, inalisoma kwanza faili hilo. Ukifungua terminali ya kawaida na kuandika amri, hailisomi. Kwa hiyo terminali zangu zote zilikuwa nzima. Make, inayoniundia programu, inatumia `/bin/sh`, nayo nzima. Programu ukiiendesha kwa mkono, nzima. Ila GDB, inayoita `bash -c`, ndiyo iliyokuwa inapita kwenye mlango ule. Ofisini Dar seva inajibu kabla hujapepesa jicho, hivyo sikuwahi kujua kuna mlango. Masasi, kwenye intaneti ya simu, ile anwani ya ndani ya ofisi haipo duniani. Kitanzi kingezunguka mpaka Siku ya Kiyama.

Hata ile skripti yangu ya kunakili ya jioni ilikuwa haifanyi kazi tangu nifike. Niliona, nikalaumu mtandao. Ushahidi ulikuwa umekaa pembeni yangu siku zote, nami naukalia.

Na Ctrl-C inayokubali siku moja na kukataa siku nyingine? Ikikuta sleep, sleep inakufa, bash inakufa nayo, dibaga inaamka. Ikikuta ping, ping ina adabu zake: inaipokea Ctrl-C, inajumlisha hesabu zake na kuaga yenyewe. Bash ikiona mtoto kaaga mwenyewe bila kuuawa, inaendelea na kitanzi kama kawaida. Kwa kuwa sleep ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi, mara nyingi ilikubali. Nilifurahi kupita kiasi kulielewa jambo hili, usiku wa saa sita, peke yangu gesti, feni imezimika.

Dawa ilikuwa mstari mmoja ndani ya GDB: `set startup-with-shell off`. Inaiwasha programu bila sheli. Unapoteza `<` na nyota kwenye `run`, lakini kwangu hasara hiyo haikuwa kitu. Ningeweza pia kuandika `unset BASH_ENV` kabla ya kuingia. `run`, na chumba kizima kikasema Habari.

Asubuhi nikaenda ghalani kifua mbele. `gdb ./mizani`, sheli imezimwa, `run /dev/ttyUSB0`. "Poti imefunguliwa." Kisha kimya.

"Fundi, bado imelala?" mpakiaji mmoja akauliza, na wenzake wakacheka. Sikujibu, kwa sababu safari hii kimya kilikuwa kingine na nilikijua kwa harufu. Nikabonyeza Ctrl-C mara moja tu, nayo ikatii papo hapo, `(gdb)` ikarudi. `bt`. Juu kabisa, `read`. Chini yake, `soma_mstari` yenye `fd=3`, namba ya poti iliyofunguliwa. Chini yake, `main`. Programu yangu ilikuwa hai, ina afya, imekaa mlangoni pa waya wa mizani ikisubiri herufi ya kwanza ambayo haiji.

Na hapo ndipo ile habari ya sudo iliponichoma. Sudo huondoa `BASH_ENV` kabla ya kuwasha chochote, kwa usalama. Kwa hiyo siku ile ya kwanza nilipoandika `sudo gdb`, ule mlango wa ofisi ya Dar haukuwepo. Programu ilianza, ikafika kwenye `read`, ikasimama pale pale iliposimama sasa. Ningebonyeza Ctrl-C na kuandika herufi mbili, `bt`, ningelijua tatizo halisi saa nne asubuhi ya siku ya kwanza. Badala yake niliona kioo kimeganda, nikaona kimeganda kama mwanzo, nikaandika "si ruhusa" na kufunga dirisha. Kwa jicho vilikuwa kitu kimoja. Kwa `ps` vilikuwa vitu viwili visivyofanana hata kidogo.

Niliangalia mipangilio ya poti: `stty -F /dev/ttyUSB0 -a`. Ilionyesha `min = 1; time = 0`. Maana yake `read` haitarudi mpaka ipate angalau herufi moja, na haina kikomo cha kusubiri. Ni mimi niliyeweka hivyo, kwa sababu mizani ya ofisini Dar inamwaga uzito mfululizo bila kuulizwa, kama redio. Huwezi kungoja hata nusu sekunde.

Nikajaribu kwanza `strace`, inayoonyesha programu inaomba nini kwa kerneli, juu ya programu ikiwa bado ndani ya dibaga, nione kama waya unaleta kitu. Ikanikatalia: Linux hairuhusu prosesi moja kufuatiliwa na wawili kwa wakati mmoja, na mfuatiliaji tayari alikuwa GDB. Ukitaka kumjua anayeshikilia, tazama `TracerPid` ndani ya `/proc/<pid>/status`. Basi nikaifunga dibaga, nikafungua poti kwa `picocom -b 9600`, nikatazama waya mtupu. Kimya. Mzee alikuwa na gunia juu ya mizani. Akaniangalia, akaangalia kioo changu cheusi, akanyoosha mkono na kubonyeza kitufe kilichoandikwa PRINT kwenye kichwa cha mizani.

`ST,GS,+081.5kg`

Ikatokea kwenye kioo changu, mstari mmoja. Akabonyeza tena, mstari mwingine.

"Si nilikwambia," akasema. "Ya kuulizwa."

Mizani ile ilikuwa imepangwa kwenye menyu yake itume uzito pale tu inapobonyezwa au inapoombwa kwa waya. Ya Dar ilikuwa imepangwa itume mfululizo. Hakuna aliyekosea, ni mizani mbili zenye tabia mbili, na fundi mmoja aliyedhani ameziona zote kwa kuiona moja. Marekebisho yalichukua saa moja na nusu, nyingi ikiwa ya kutafuta kwenye kijitabu ni herufi gani ya kuomba. Programu sasa inaandika ombi kwanza, ndipo inasoma. `VMIN`, ile `min` ya juu, nikaiweka 0, na `VTIME`, ile `time`, 20, ambayo kwa hesabu ya termios, mipangilio ya poti, ni sekunde 2, maana inahesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde. Mizani isipojibu ndani ya muda huo, programu inasema kwa Kiswahili cha wazi: "Mizani haijibu, angalia waya." Nilijiuliza kwa nini sikuandika hivyo tangu mwanzo, na jibu ni kwamba mezani Dar waya haujawahi kukanyagwa na mtu mwenye gunia mgongoni.

Mchana huohuo nikapata ganda la tatu, ambalo halikuwa ganda. Mara mojamoja mstari wa uzito ulikuja umechanganyika na mabaki ya mstari uliotangulia, nikataka kumkamata anayechafua. Nikaandika `watch mstari`, agizo la kusimamisha programu `mstari` ukibadilika, na `mstari` ni safu ya herufi 64. `continue`. Kimya tena, mpaka nikaanza kujiuliza kama nimerogwa. Ila safari hii nilikuwa na adabu: dirisha la pili, `top`, inayoonyesha nani anakula prosesa. Laptopu ilikuwa inatokota, GDB inakula kichwa cha prosesa. Haikuwa imelala, ilikuwa inafanya kazi kama punda. Nikarudi kusoma ilichonijibu nilipoweka ile watch: iliandika `Watchpoint 2`, haikuandika `Hardware watchpoint 2`. Prosesa za x86 zina rejista nne tu za kulinda kumbukumbu, kila moja baiti 8 kwa wingi, na herufi 64 hazitoshei. Zisipotoshea, GDB inaitembeza programu hatua moja moja, kila agizo inasimama na kuangalia kama kuna kilichobadilika. Mwongozo wa GDB wenyewe unasema inaweza kuwa mamia ya mara polepole zaidi. Nikabadilisha kuwa `watch mstari[0]`, neno Hardware likatokea, na ndani ya sekunde chache nikamkamata mchafuzi: sikuwa naweka sifuri ya mwisho wa maneno. Kosa la mwaka wa kwanza chuoni. Tulipite.

Tangu siku hizo watu huniletea dibaga zilizoganda, na swali langu la kwanza limekuwa hilo hilo: inasubiri, au inafanya kazi? Kama inasubiri, inamsubiri nani? Binti mmoja anayetumia Fedora alikuwa anakaa zaidi ya dakika moja kila akiwasha GDB. Kwake ilikuwa debuginfod, huduma inayopakua taarifa za dibagi za maktaba za mfumo kutoka kwenye mtandao. Seva ambayo haijaleta angalau kilobaiti 100 ndani ya sekunde 90 ndipo inaachwa, na kwa bando lake la usiku sekunde hizo 90 zilikuwa zinatimia zote. `set debuginfod enabled off`, akapona. Mwingine alikuwa na Mac. Kule ni ulimwengu wake: sheli ya mfumo inalindwa, kwa hiyo ile `startup-with-shell off` huenda ikahitajika, GDB yenyewe lazima uitie sahihi kwa cheti, na hata baada ya hayo yote iliganda mara moja moja bila sababu niliyoiona. Nilimwambia atumie LLDB, dibaga nyingine, na sioni aibu kusema hivyo. Yapo mapambano ya kuyaacha.

Nilirudi Dar na basi la Jumamosi. Jumatatu ofisini nilifungua `.kazi.sh`, nikakiangalia kile kitanzi, nikakiwekea alama ya reli (#) mbele ya kila mstari, ili bash isikitekeleze, badala ya kukifuta, na chini yake nikaandika tarehe na neno moja, "Masasi". Kaka yule aliyeniuliza habari za programu isiyo na hatia alikuwa nyuma yangu akisoma begani. Akasema na yeye ana kitu kama hicho kwenye faili lake, alikinakili kwangu, na akaenda kukitafuta.